Pampas ya Usiku Hulala Wapi?

Muulize mzazi yeyote wa Nairobi aliyezoea kusafiri na mtoto mdogo: nikienda ushago, nibebe pampas gani ya usiku? Utapewa ushauri hadi uchoke. Chukua saizi moja juu ya ile anayovaa mchana. Usichukue zile nyembamba, hata kama zimechorwa dubu mzuri. Uji na maziwa viishe saa moja jioni. Mbadilishe dakika ya mwisho kabla hajalala. Vuta ile mikunjo ya miguuni itokeze nje, maana ikibaki ndani mkojo utapitia pajani. Kama ni mvulana, kadudu kaelekezwe chini. Mpake mafuta ya mgando. Na usianze pampas mpya siku ya safari; ijaribu nyumbani kwanza, kwenye godoro lako mwenyewe.

Ni ushauri mzuri, na mimi naufuata wote. Lakini hebu angalia unakoishia. Unafika saa kumi na mbili asubuhi, mtoto ameamka mkavu, shuka ni kavu, mama amelala, kazi imekwisha. Swali ninalotaka tuliulize linaanza dakika tano baadaye. Pampas imevuliwa. Imejaa, imevimba, ina uzito wa embe kubwa, na iko mkononi mwako. Sasa inaenda wapi?

Mjini hatuulizi hivyo, na si kwa sababu tunalo jibu. Tunalipa ili tusiulizwe. Kwenye ploti yetu tunachanga pesa kila mwezi, vijana wanakuja na kubeba mifuko, na tukirudi kutoka kazini pipa ni tupu. Tunasema tumetupa taka, kana kwamba kuna mahali panaitwa Kutupa. Mahali penyewe panaitwa Dandora. Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na hadi leo malori bado yanaingia, kando ya Mto Nairobi, na kuna watu wanaoifungua mifuko yetu kwa mikono wakitafuta chupa na vyuma. Lakini sisi hatuko pale. Ile pesa kidogo ya mwezi inatununulia umbali.

Ushago umbali hauuzwi.

Kwa upande wa mume wangu, ushago ni karibu na Silibwet, kaunti ya Bomet, sehemu ambayo milima yote imevaa chai. Ukitoka Nairobi unashuka Mai Mahiu, unapita Narok, Mulot, Longisa, unafika Bomet mjini, halafu unapanda tena kuelekea Tenwek na Silibwet huku hewa ikizidi kuwa baridi. Mama mkwe wangu, ambaye mimi humwita Kogo kama anavyoitwa na mtoto wangu, ana shamba la chai lisilo kubwa na ng'ombe wawili. Chini ya shamba kuna bonde, na chini ya bonde kuna Mto Nyangores.

Ukikaa pale siku mbili utagundua kwamba katika boma lile hakuna taka. Sisemi ni pasafi kama hoteli. Nasema kila kinachobaki kina mwenyewe. Maganda ya viazi ni ya ng'ombe. Makombo ya kimyet ni ya mbwa na kuku. Majivu ya jikoni ni ya choo, na mengine yanasugulia sufuria. Samadi ni ya mboga. Chupa ya soda inakuwa chupa ya maziwa. Gazeti linawasha moto. Halafu anaingia mgeni kutoka Nairobi na pakiti ya pampas, na kwa mara ya kwanza kuna kitu bomani kisicho na mwenyewe. Ng'ombe haitaki, moto hauitaki, udongo hauitaki. Ni mbwa peke yake anayeitaka, na hilo ndilo tatizo.

Tukitendee haki kitu chenyewe kwanza. Pampers, ya kampuni ya Marekani ya Procter & Gamble, ilianza kuuzwa mwaka wa 1961, na jina hilo limeshika hivi kwamba sisi tunaita pampas kitu chochote cha aina hiyo, kitoke kiwanda gani. Tabaka la ndani ni laini, linagusa ngozi. Katikati kuna nyuzi za mti zilizosagwa, zimechanganywa na punje ndogo za kemikali zinazokunywa maji mara nyingi kuliko uzito wao na kuyageuza kuwa kama jeli. Nje kuna plastiki. Pampas ya usiku ni hiyo hiyo, ila imeongezwa uwezo wa kunywa. Zile punje ndizo siri ya usiku mkavu. Ndizo pia zinazofanya pampas iliyojaa igome kushika moto na igome kuoza: ni maji yaliyofungiwa ndani ya plastiki.

Na usiku mkavu si anasa. Silibwet iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mwezi wa saba baridi yake inaingia hadi kwenye mfupa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu analala kati yangu na Kogo chini ya blanketi mbili. Akilowa saa tisa usiku, halowi peke yake. Amelowa Kogo mwenye goti bovu, na limelowa godoro ambalo likipata mvua ya alasiri halitakauka kabla ya keshokutwa. Kwa hivyo sijaja kumhubiria mtu arudi zamani. Usingizi ni haki ya mtoto, na ni haki ya mwanamke pia, hasa yule anayeamka alfajiri kuchuna majani mawili na chipukizi, ajaze kikapu, afike kwenye kituo cha kununua majani kabla ya lori. Ukienda dukani pale senta utaona pampas zikiuzwa moja moja, kama sigara. Mama anayenunua moja tu, ya usiku, amelifikiria jambo hili kuliko sisi tunaopanda matatu na pakiti ya hamsini.

Basi ni asubuhi na iko mkononi. Tupitie njia zilizopo, moja moja.

Choo cha shimo. Hili ndilo jibu la haraka la mgeni, kwa sababu hakuna anayeona. Lakini choo cha shimo kimechimbwa kwa mikono, futi baada ya futi, na kimepimwa kwa vitu vinavyooza na kushuka. Pampas haishuki. Inakunywa maji ya shimo na kuvimba zaidi. Familia iliyotarajia choo cha miaka mingi inajikuta ikitafuta mchimbaji mapema, na hakuna atakayejua shimo lilijazwa na nani.

Kuzika. Udongo wa kule ni laini, jembe linaingia bila shida. Pua ya mbwa nayo inaingia bila shida. Siku mbili baadaye utaikuta imechanwa katikati ya mistari ya chai, ile jeli imetawanyika, na mchunaji anapita hapo na gambuti zake.

Kuchoma. Imelowa, kwa hivyo itatoa moshi mweusi wa plastiki asubuhi nzima bila kuisha. Tena wapo wengi, huko na hapa Nairobi, wanaoamini kwamba ukichoma pampas ya mtoto, mtoto mwenyewe ataungua: atatoka vipele, au atalia usiku bila sababu. Imani hii si yetu peke yetu. Kisiwani Java, nchini Indonesia, wazazi wanaoishi kando ya Mto Brantas wanaogopa jambo lile lile, hata wana jina la ugonjwa huo, na hiyo ni sababu moja ya pampas nyingi sana kuishia mtoni humo.

Usicheke haraka. Ukiivua imani hiyo vipele vyake, inabaki na wazo moja ambalo elimu yetu yote haijatufundisha: kwamba kitu kilichotoka kwenye mwili wa mtoto wako bado kimefungwa naye hata baada ya kukivua. Hukukata uzi kwa kukitupa. Wazo hilo ni sahihi kabisa. Linapopotea ni pale linapodhani kwamba uzi unakatika ukifika majini.

Maana njia ya mwisho ni mto. Nyangores unapita maporomoko ya Tenwek, ambako hospitali ya misheni huzalisha umeme kwa maji yake. Unapita Bomet mjini. Mbele unakutana na Amala, na hapo ndipo jina la Mara linapoanza. Ndiyo, Mara ile ile ya nyumbu tunaowaona kwenye runinga wakivuka. Unaingia hifadhini, unavuka mpaka hadi Serengeti, na mwisho unajimwaga Ziwa Victoria karibu na Musoma, Tanzania, baada ya safari ya karibu kilomita 400 tangu msitu wa Mau. Upande wa Sotik na Kericho ni vivyo hivyo: maji ya Kipsonoi na Itare yanaingia Sondu, na Sondu inaingia ziwa lile lile. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mtoni si lazima. Mchuma janga wa juu hali chochote. Wanaokula ni wa chini, ambao hajawahi kuwaona.

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la usafi na kuwa la haki.

Kwa Wakipsigis, mvulana aliyezaliwa wakati nyumbani kuna wageni huitwa Kiptoo, na msichana huitwa Cheptoo. Hebu fikiria uzito wake: ujio wa mgeni ni jambo kubwa kiasi cha mtu kubeba kumbukumbu yake hadi kaburini. Sasa, katika nyumba inayowaza hivyo, mgeni anasimama mlangoni na kitu kilichokunjwa mkononi, anauliza, "Kogo, hii niweke wapi?" Jibu ni moja tu, na unalijua kabla hujauliza:

"Acha hapo tu, mama. Tutaona."

Nimelifikiria sana hilo neno tutaona. Kwa sauti ni ruhusa. Kwa maana ni adabu. Kogo hawezi kumwambia mke wa mwanawe, aliyefika jana na mkate na sukari na mjukuu, ati rudi na uchafu wako ulikotoka. Malezi yake yote yanamkataza. Ukarimu umemfunga mdomo. Na mtu aliyefungwa mdomo hawezi kusemekana amekubali.

Tumezoea kupima maadili kwa kuuliza kama kitendo kinamuumiza mtu, au kama tuliomba ruhusa. Mimi nadhani kuna swali linalotangulia yote mawili: huyu ninayemwachia mzigo, anaweza kukataa? Kama hawezi, kuomba kwangu ruhusa ni maigizo tu. Hesabu walio katika hali hiyo asubuhi moja tu ya Silibwet. Kogo hawezi kukataa kwa sababu ya heshima. Msichana wa darasa la saba anayefagia uwanja hawezi kukataa kwa sababu ya umri. Watu wa chini ya mto hawawezi kukataa kwa sababu hawakuulizwa. Na mtu ambaye bado hajazaliwa, atakayelima hapo na jembe lake ligonge plastiki, hawezi kukataa kwa sababu hayupo.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaicheka methali hii kana kwamba ni ya uchoyo, lakini ina akili nyingi. Inasema kwamba mgeni ana muda wake wa kubebwa, na muda huo ukiisha anaingia katika kazi ya nyumba kama wengine. Pampas ya mgeni inakaa hadi siku ya tatu, na ya mia tatu, na haijawahi kushika jembe.

Najua unachotaka kusema. Si utumie nepi basi? Nepi za kitambaa, zile za pini, ambazo mama zetu walitulea nazo.

Nazitumia mchana. Lakini twende polepole, maana hapa ndipo watu wa mjini tunapenda kujipongeza mapema. Chai inapenda Kericho na Bomet kwa sababu ya mvua, na mvua ya huko haikosi kazi. Miezi mingi inanyesha karibu kila alasiri. Nepi ya usiku, ile nzito ya kukunja mara mbili, inaanikwa kwenye ua asubuhi, inaanuliwa mbio mbio saa nane, inahamishiwa jikoni juu ya moto, na kesho ina harufu ya moshi na bado haijakauka pindoni. Imefuliwa na maji ya nani? Ya tenki wakati wa mvua, ya mtoni wakati wa kiangazi, na katika nyumba nyingi maji ya mtoni hubebwa mgongoni na wanawake. Imefuliwa na nani? Ukiacha ndoo ya nepi nje na kusema utafua ukitoka sokoni, utarudi ukute zimeanikwa. Hukumwomba mtu. Lakini tena, huyo aliyefua, angeweza kukataa?

Kwa hivyo nepi haitufikishi mbinguni moja kwa moja. Inautoa mzigo kwenye udongo na kuuweka kwenye mgongo wa mwanamke. Ni bora, kwa sababu mgongo unaweza kusaidiwa na mto hauwezi. Lakini ni bora tu kama mgongo ni wako.

Kogo mwenyewe ana njia ya tatu, ambayo kwake ni ya kwanza. Watoto wake alilea bila pampas na karibu bila nepi. Alikuwa anamjua mtoto: anavyojinyonganyonga, anavyonyamaza ghafla, anavyogeuza kichwa. Usiku alimtoa blanketini kabla hajalowa, akamshika nje ya mlango, akamnong'oneza hadi akojoe, wakarudi kulala. Mjini tukisikia hivyo tunadhani ni hadithi. Si hadithi. Mwaka wa 1977 watafiti wawili, Marten deVries na Rachel deVries, waliandika katika jarida la kitabibu la Pediatrics kuhusu Wadigo wa Pwani ya Kenya, ambao walianza kumfundisha mtoto haja tangu wiki za kwanza za maisha, na ambao watoto wao walikuwa wakavu usiku na mchana wakifika miezi mitano au sita. Wakati huo madaktari wengi wa Marekani walikuwa wanawaambia wazazi kwamba mtoto hawezi kujifunza mapema hivyo. Kumbe anaweza, kama kuna mtu wa kumsikiliza.

Na hapo kwenye kusikiliza ndipo bei ilipo. Njia ya Kogo na ya Wadigo haihitaji pesa, inahitaji mwili wa mtu mwingine kando ya mtoto, mchana na usiku, kwa miezi. Mimi narudi kazini. Mchunaji wa chai analipwa kwa kilo, si kwa saa anazomshika mtoto. Pampas ya usiku, tukisema ukweli, ni muda wa mwanamke uliofungwa kwenye plastiki na kuuzwa kwa shilingi chache. Ndiyo maana inauzika, na ndiyo maana siwezi kumnyooshea kidole anayeinunua.

Kwani kidole kimwelekee nani? Vijana wenzangu mtakumbuka Juni ya 2024. Katika Mswada wa Fedha ule, kati ya mambo mengi yaliyotutoa barabarani, kulikuwa na ushuru wa mazingira, na pampas zilikuwa kwenye orodha. Baada ya kelele serikali ikasema utatozwa tu kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Kisha yakatokea ya tarehe 25, na tarehe 26 Rais akatangaza hatautia sahihi mswada. Nilikuwa upande wa waliopinga, na bado niko hapo. Huwezi kumtoza mama anayenunua pampas moja ya usiku kana kwamba yeye ndiye aliyebuni plastiki.

Lakini ushuru uliondoka na mzigo ukabaki. Hili tulilisahau katika furaha yetu. Mzigo ulikuwa unalipwa tayari kabla ya mswada, na unalipwa hadi leo. Ila wanaolipa hawapewi risiti. Analipa mwenye choo kilichojaa. Analipa anayechota maji chini ya daraja. Nchi hii tangu tarehe 28 Agosti 2017 inaweza kukutoza faini ya mamilioni kwa mfuko wa plastiki wa kubebea sukari, na iko sawa kabisa na pampas. Tunayo sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka wa 2022 inayosema kwamba anayeingiza bidhaa sokoni awajibike nayo hadi mwisho wake. Ni wazo zuri, maana mwenye kiwanda ndiye pekee katika mnyororo huu wote anayeweza kukataa: anaweza kukataa kutengeneza kitu kisicho na mwisho. Siku sheria hiyo itakapofika Silibwet na gari la kukusanya, nitakuwa wa kwanza kushangilia.

Ila kati ya sheria na mto kuna usiku wa leo. Mtoto atalala leo. Na mtu anayesema "mfumo ndio mbaya" huku akifungua mlango wa choo cha shimo, anasema ukweli kwa wakati mbaya.

Ninavyofanya mimi ni hivi, na sidai ni sheria kwa kila mtu. Mchana mtoto anavaa nepi au havai kitu, jua likiwepo. Kogo anamsoma, na anapatia kuliko mimi. Nepi nafua mwenyewe, mapema, kabla mtu hajaamka kunisaidia. Pampas ni moja kwa usiku, ile nzuri, nzito, isiyovuja, kwa sababu moja nzuri ni afadhali kuliko mbili mbovu. Asubuhi kilicho kigumu kinakung'utwa chooni, kinapostahili. Iliyobaki inakunjwa, inafungwa kwa gundi zake zenyewe, inaingia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, na juu yake nanyunyiza majivu ya jikoni, ambayo hunyonya harufu kuliko marashi yoyote. Usiku nne ni pampas nne. Zote pamoja hazifiki uzito wa pakiti ya unga ya kilo mbili. Ndoo inarudi Nairobi na sisi, chini ya kiti, na mfuniko wake lazima ubane kweli kweli, maana abiria wa matatu nao hawawezi kukataa.

Rafiki yangu mmoja alinirushia swali gumu. Si unazihamisha tu? Kutoka kwa Kogo hadi Dandora, kutoka mto mmoja hadi mwingine?

Ndiyo, nazihamisha. Sijifanyi nimezimaliza. Lakini kuna tofauti kati ya kuhamisha mzigo kuelekea kwa mnyonge na kuuhamisha kuelekea kwako. Nairobi ndiko ninakolipa ushuru wa kaunti, ninakopiga kura, ninakoweza kulalamika na kusumbua watu, ninakochanga pesa ya taka na ninakoweza kuuliza inaenda wapi. Usingizi niliupata mimi; basi aibu ya asubuhi ibaki karibu nami. Tena ukibeba ndoo hiyo mara moja kupitia Narok na Mai Mahiu, saa tano za barabara, kitu fulani kinabadilika kichwani. Kabla ya safari inayofuata hujiulizi tena pampas gani inabeba mkojo mwingi. Unajiuliza unahitaji ngapi. Mtoto akianza kuamka mkavu siku mbili tatu mfululizo, unaiona haraka, kwa sababu una hamu ya kuiona.

Mara ya kwanza Kogo alipoona ndoo ilivyo na kazi yake, alicheka hadi akakaa chini. "Watu wakitoka hapa wanabeba viazi," alisema. "Wewe unabeba mavi." Akamwita jirani aje aone. Viazi alinipa pia, na kabichi, na kibuyu cha mursik, nikasema kongoi, tukaenda zetu, na konda alipouliza ndoo ni ya nini nikamwambia ni ya mtoto. Hakuuliza zaidi.

Safari zilizofuata hakucheka tena, wala hakusema acha hapo, tutaona. Majivu alianza kuyaweka kando mwenyewe, kwenye kopo la kimbo karibu na mlango wa jikoni. Agosti iliyopita, asubuhi ya kuondoka, alinifuata nyuma ya nyumba nikiwa nafunga ndoo. Alikuwa ameshika gunia dogo, na kwanza alizungumzia mvua, na bei ya majani, na barabara. Kisha akalifungua. Ndani mlikuwa na pampas mbili, kavu kwa nje, zimepauka, zina udongo. Zilikuwa za wageni wengine waliokuja Pasaka. Alikuwa amezizika, mbwa akazifukua, akazizika tena, mvua ikazifukua, na mwishowe akaziweka juu ya ghala la mahindi ambako hakuna anayefika.

"Hizi," alisema, bila kuniangalia, "zitaingia?"

Nikafungua mfuniko.